Vyombo vinne, shahidi mmoja: Jinsi habari inavyosambazwa kutoka chombo kimoja hadi kingine

Na Mwandishi Wetu, Tanga

TUCHUKULIE mfano wa mvuvi wa Tongoni, kata ya mwambao iliyo kiasi cha kilomita 20 kusini mwa katikati ya jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Jioni, akiwa anashona nyavu zake, anafungua redio na kusikia kuwa bei ya mafuta imepanda katika soko la dunia. Baadaye anaisikia habari hiyo hiyo kwa jirani, katika kituo kingine. Usiku mwanawe anamsomea kutoka kwenye simu, na asubuhi anaikuta katika gazeti lililoletwa na daladala kutoka mjini.

Jambo hilo linamgusa, kwani boti yake haiendi bila petroli. Anajiambia kuwa vyombo vinne vimesema, basi ndivyo ilivyo. Anakopa fedha ili anunue mafuta ya wiki mbili kabla bei haijampandia.

Huenda habari ile ni ya kweli kabisa. Lakini vyombo vile vinne si lazima viwe mashahidi wanne. Mara nyingi ni shahidi mmoja aliyesema mara moja, kisha kauli yake ikauzwa, ikatafsiriwa, ikasomwa na kunakiliwa hadi ikaonekana kuwa sauti ya watu wengi. Kazi hiyo ya kupeleka kauli moja katika milango mingi ndiyo usambazaji wa maudhui, na makala haya yanaeleza namna inavyofanyika.

Maana ya usambazaji wa maudhui

Usambazaji wa maudhui ni utaratibu ambao chombo kimoja hutayarisha habari, picha, kipindi au makala, kisha vyombo vingine huvitumia kwa makubaliano. Makubaliano hayo yanaweza kuwa ya kulipana fedha, ya kubadilishana vipindi, au ya bure kwa sharti la kutaja chanzo. Pasipo makubaliano, kitendo hicho huitwa kunakili, na mara nyingi huishia kuwa wizi.

Sababu ya kuwapo kwake ni gharama. Hakuna gazeti wala redio ya Tanzania inayoweza kuwa na mwandishi katika kila mji mkuu wa dunia, na hata vyombo vikubwa vya Ulaya haviwezi kuwa na mwandishi Tongoni. Kwa hiyo chombo hulipia sehemu ya gharama ya mwandishi wa mwingine na kupata matunda ya kazi yake.

Kutoka kwenye waya hadi Shihata

Utaratibu huu ni mkongwe kuliko redio. Mwaka 1835 Charles-Louis Havas alianzisha shirika lake la habari mjini Paris. Mwaka 1846 magazeti ya New York yalianza kuchangia gharama za kupata habari, ushirika uliozaa Associated Press. Mwaka 1851 Julius Reuter alifungua ofisi yake mjini London. Wote watatu waligundua jambo moja: habari ikishakusanywa mara moja, kuipeleka kwa mteja wa pili hakugharimu kama kuipeleka kwa wa kwanza.

Katika pwani yetu, waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 na kuiunganisha na Aden. Tangu hapo habari za London zilianza kufika Afrika Mashariki kwa saa badala ya majuma. Mjini Tanga, Shule ya Serikali ya wakati wa Wajerumani ilichapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Gazeti hilo lilichanganya habari za ulimwengu na barua kutoka miji mbalimbali ya koloni, na kwa hiyo msomaji wa bara aliweza kujua ya pwani, na wa pwani akajua ya bara.

Redio ilikuja baadaye. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya uhuru ikazaa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi za nje nazo zilianzisha idhaa za Kiswahili: BBC Juni 27, 1957, Redio China mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Deutsche Welle mwaka 1963. Wakati huo msikilizaji wa Tongoni alizipata moja kwa moja kwa masafa mafupi, na hapakuwa na kituo cha kati. Aliposikiliza London alijua anasikiliza London.

Katika miaka ya 1970 nchi changa zililalamika kuwa habari zao zenyewe ziliwafikia baada ya kupitia mikononi mwa mashirika machache ya Magharibi. Tanzania ilianzisha Shirika la Habari, Shihata, kwa sheria ya mwaka 1976. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda shirika la habari la Afrika, PANA, mwaka 1979, nalo likaanza kazi mjini Dakar mwaka 1983. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Seán MacBride ilitoa taarifa yake kuhusu jinsi habari zinavyotiririka kwa wingi kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine.

Shihata haipo tena. Baada ya kuvunjwa, sehemu ya kazi zake ilichukuliwa na Idara ya Habari, Maelezo. Swali lililoizaa, hata hivyo, lingali palepale: nani anasimulia habari za nani, na kwa faida ya nani?

Jinsi redio na televisheni zinavyofanya

Vyombo vya utangazaji hutumia njia kuu nne.

Ya kwanza ni kujiunga. Kituo cha hapa nchini hupokea matangazo ya kituo kingine kwa satelaiti au kwa intaneti na kuyarusha wakati uleule katika masafa yake. Msikilizaji husikia mtangazaji akisema, "Sasa tunajiunga na London" au "tunajiunga na Bonn." Baada ya utangazaji binafsi kuruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1993 na vituo vya FM kuongezeka, njia hii iliwapa watangazaji wa nje sauti safi isiyo na mikwaruzo ya masafa mafupi, na vituo vya ndani vikapata vipindi bila kuajiri waandishi wa kimataifa.

Kujiunga kunaweza pia kuwa wajibu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilivitaka vituo binafsi kujiunga na chombo cha utangazaji cha umma katika taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku. Hapo habari moja ilisikika nchi nzima kwa dakika ileile kupitia masafa mengi, na kila aliyekuwa akizungusha kitafuta masafa alikutana na sauti ileile.

Ya pili ni kurekodi na kurusha baadaye. Kipindi cha afya au cha kilimo hutayarishwa mara moja, kisha hutumwa kwa vituo kadhaa ambavyo hukirusha kwa saa vinazozichagua. Hatari yake ni kuchakaa: kipindi kinachotaja "wiki ijayo" kinaweza kusikika baada ya wiki hiyo kupita.

Ya tatu ni kununua malighafi. Mashirika ya habari hupeleka picha za video zisizo na maelezo yaliyosomwa, pamoja na karatasi inayoeleza kila picha. Mtangazaji wa Dar es Salaam huandika maneno yake na kuyasoma juu ya picha hizo. Ndiyo maana mtazamaji anaweza kuona mafuriko yaleyale, kutoka pembe ileile, katika televisheni tatu zenye watangazaji tofauti.

Ya nne ni ile ambayo imezoeleka sana kwetu, yaani kusoma magazeti redioni na kwenye televisheni kila asubuhi. Kwa msikilizaji ni huduma nzuri, hasa kijijini ambako gazeti huchelewa. Wachapishaji walilalamika kwamba habari ikisomwa yote hakuna atakayenunua gazeti. Mwaka 2017 serikali ilivitaka vituo viishie kwenye vichwa vya habari badala ya kusoma kwa kina. Ugomvi huo ulikuwa wa mipaka: kichwa cha habari humvuta msomaji kwa mwenye mali, lakini habari nzima humaliza haja yake palepale.

Mtandaoni mambo huenda kwa mashine

Kwenye intaneti kazi ileile hufanywa na programu. Mwaka 1999 ulibuniwa mlisho wa RSS, ambao ni faili ndogo inayobeba kichwa cha habari, muhtasari, tarehe na kiungo cha kurudi kwenye tovuti ya asili. Tovuti nyingine huisoma faili hiyo kila baada ya muda mfupi, na habari mpya inapoingia hujitokeza yenyewe bila mtu kugusa kitu. Vipindi vya sauti vinavyopakuliwa kwenye simu hufuata mlisho wa namna hiyohiyo.

Njia nyingine ni kupachika. Tovuti ya gazeti huweka katika ukurasa wake dirisha la video iliyohifadhiwa kwingine. Mwenye video akiifuta, dirisha hubaki tupu; akiirekebisha, marekebisho huonekana kila mahali. Hiyo ni faida kubwa kuliko kunakili, kwa sababu nakala hubaki na kosa lake hata baada ya asili kusahihishwa.

Hapa ndipo mtandao unapotofautiana na redio. Kosa la redio hupotea hewani baada ya dakika chache, ingawa masikioni linaweza kubaki. Kosa la tovuti hubaki katika nakala, na mtu anaweza kulikuta baada ya miaka mitano akadhani ni la jana.

Yaliyomo katika mkataba

Mkataba mzuri wa kusambaza maudhui hujibu maswali machache. Maudhui yatatumika wapi: redioni tu, au pia kwenye tovuti na simu? Mara ngapi na kwa muda gani? Katika nchi gani? Je, mpokeaji anaruhusiwa kufupisha au kutafsiri? Chanzo kitatajwa vipi? Je, mshindani wa mtaa wa pili anaweza kuuziwa habari hiyohiyo? Na swali ambalo husahaulika mara nyingi: mwenye habari akigundua kosa, mpokeaji atalazimika kurekebisha kwa muda gani?

Swali la tafsiri ni zito kwetu. Habari nyingi za mashirika ya kimataifa huja kwa Kiingereza au Kifaransa. Mhariri wa zamu huzitafsiri haraka, na neno moja la tahadhari, kama "inadaiwa" au "huenda," likidondoka njiani, tuhuma hugeuka kuwa hukumu.

Kuhusu hakimiliki, Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mkataba wa Berne unatofautisha mambo mawili. Tukio lenyewe, yaani habari ya siku iliyo taarifa tupu, halina mwenyewe: yeyote anaweza kusema kuwa daraja limevunjika. Maneno ambayo mwandishi ameyapanga kwa ustadi wake, picha aliyoipiga na sauti aliyoirekodi vina mwenyewe. Anayekwenda darajani akaandika kwa macho yake hajamwibia mtu. Anayekata na kubandika aya za mwenzake amemwibia hata kama ametaja jina lake.

Juu ya mikataba iko serikali. Mwaka 2020 kanuni za maudhui ya utangazaji zilirekebishwa, vituo vya ndani vikatakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kabla ya kurusha maudhui ya watangazaji wa nje. Wenye kutetea hatua hiyo walisema kituo hakiwezi kukwepa dhamana ya kinachosikika katika masafa yake. Waliopinga waliona ni kuubana mlango wa habari. Tukio la pili lilitoka upande wa pili wa mlango: Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha shughuli za Sauti ya Amerika, na idhaa yake ya Kiswahili ikanyamaza. Mwenye kutegemea kisima cha jirani hana budi kukumbuka kuwa ufunguo uko kwa jirani.

Kosa linaposafiri

Februari 28, 2015 shirika la habari la Ufaransa, AFP, lilitangaza kifo cha mfanyabiashara mkubwa Martin Bouygues. Habari hiyo ilirukia katika vyombo vingi kwa dakika chache, kwa kuwa waliolipia huduma ya AFP waliiamini AFP. Mtu huyo alikuwa hai. Ilikuja kufahamika kuwa swali lililoulizwa kwa kiongozi wa kijiji lilihusu "Martin," naye alikuwa na habari za Martin mwingine, mtu wa kawaida wa eneo hilo aliyefariki. Shirika lilifuta habari, likaomba radhi, na wakuu wawili wa chumba chake cha habari wakajiuzulu.

Kosa lilianzia kijijini, katika mazungumzo mafupi kuhusu jina moja. Kila chombo kilichofuata hakikuwa na namna ya kulijua, kwani hakikuzungumza na kijiji. Kilizungumza na shirika. Aliyehesabu vyombo siku hiyo angepata mashahidi kadha wa kadha. Aliyehesabu waliouliza swali kijijini angewapata wachache mno.

Tongoni inapokuwa chanzo

Mwambao huu unalijua jambo hilo kwa upande wa msimuliwaji. Neno tongo katika Kiswahili ni mahame, mahali palipohamwa na watu, na Tongoni imehifadhi magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Wanahistoria wanaitambua kuwa ndiyo Mtangata ya zamani, ambayo Wareno waliipitia mwaka 1498. Karibu na hapo Vasco da Gama aliichoma moto mwaka 1499 mojawapo ya meli zake, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Habari hiyo imenakiliwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 500, na chimbuko lake ni maandishi ya wapita njia. Waliokuwa ufukweni wakitazama moshi hawakuacha maandishi yanayojulikana.

Mfano wa karibu ni silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za kale hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa mwambao wa Tanga, hasa wa Kigombe, walianza kumnasa katika majarife yaliyotegwa kina kirefu. Habari ilizunguka dunia, wanasayansi wakaja, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ambayo ndani yake imo hori ya Tongoni. Kwa msomaji wa mbali ilikuwa habari ya samaki wa ajabu. Kwa mvuvi ilikuwa habari ya nyavu zipi zitaruhusiwa na wapi atavua kesho. Habari inaposafiri, kinachodondoka kwanza ni kile kinachomhusu mtu wa mahali pale.

Redio za kijamii ziliingia kujaza pengo hilo. Katika wilaya jirani ya Pangani kuna Pangani FM, iliyoanzishwa na asasi ya UZIKWASA. Redio hiyo ni miongoni mwa zile zinazoshirikiana kupitia mtandao wa TADIO, ambao una tovuti ya pamoja ambako redio za kijamii za mikoa mbalimbali huweka habari zao. Hapo mkondo hugeuka: habari huandikwa na aliyefika ufukweni, hubeba jina la redio yake, kisha wengine huichukua. Ni kanuni ileile ya Havas na Reuter, ila safari huanzia kijijini.

Je, redio ndogo inayofanya kazi hiyo inalipwa na kutajwa pale chombo kikubwa kinapoichukua habari yake? Isipolipwa wala kutajwa, mwisho wake haitakuwa na nauli ya kumpeleka mwandishi ufukweni, na chombo kikubwa hakitakuwa na cha kuchukua.

Msomaji afanye nini?

Si lazima raia awe mwandishi ili atambue asili ya habari. Yapo mambo manne ya kutazama.

Kwanza, atafute jina la chanzo mwanzoni au mwishoni mwa habari. Habari nne zenye jina la shirika moja ni habari moja. Pili, alinganishe maneno. Aya zinazofanana hadi nukta zina mama mmoja hata kama hazikutaja jina lake. Tatu, atazame mahali na tarehe ilipoandikwa. Habari ya Tanga iliyoandikwa kutoka mji mwingine si lazima iwe ya uongo, lakini mwandishi wake amesikia, hakuona. Nne, arudi kwenye asili baada ya saa chache kuona kama kuna marekebisho.

Tumrudie mvuvi wetu. Vyombo vyote vinne vilimpa habari ya soko la dunia, na yaelekea vyote viliipata kwa shirika moja. Hakuna kilichomwambia kuwa bei anayolipa yeye hufuata bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, na kwamba katika tangazo hilo mafuta yanayopitia bandari ya Tanga huwa na hesabu yake. Kupanda kwa bei ya dunia jana hakumpandishii bei leo usiku, na pengine hakukuwa na haja ya mkopo wa haraka.

Taarifa hiyo ya ziada haikuhitaji mwandishi wa London. Ilihitaji mhariri mmoja wa hapa nchini aliyepokea habari, akajiuliza ina maana gani kwa mtu wa Tongoni, kisha akaongeza sentensi mbili kabla ya kuipitisha kwa anayefuata.